Mkono Ulipofika Sikioni

Enock alirudi kutoka kwenye uhakiki wa vijana wa mradi wa alizeti saa nane mchana. Bibi Agripina alikuwa uani anapeta uwele, na alijua mambo yameharibika kabla hajaambiwa lolote, maana mjukuu wake aliizima pikipiki kule barabarani akaja akiisukuma taratibu, kama mtu anayeleta ng'ombe mgonjwa nyumbani. Siku nyingine zote aliingia na mlio wake mpaka kuku wakatawanyika.

Alimwamkia bibi yake, akaitikiwa, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Bahasha ya kaki aliyotoka nayo alfajiri ilikuwa bado kwapani. Ndani yake mlikuwa na kila karatasi aliyowahi kuihangaikia: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, stashahada ya kilimo, cheti cha mafunzo ya mradi, na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema huyu ni mkazi na ni mtu wa tabia njema.

Bibi hakumwuliza kitu. Alimlea Enock tangu mama yake, Esta, alipofariki akiwa bado ananyonyesha, na alijua kwamba ukimwuliza jambo kabla hajawa tayari, anaingiza kichwa ndani kama kobe. Akampa maji, akaendelea kupeta. Maji yalipokwisha, Enock akasema wamemkata.

"Kwa kosa gani?"

"Umri, Bibi. Mwisho wao ni miaka thelathini na tano. Mimi nimetimiza thelathini na sita mwezi uliopita, tarehe kumi na mbili. Nimezidi kwa siku thelathini na tatu."

Ungo ulisimama mikononi mwa Bibi Agripina. Punje chache zikamwagika, kuku wakazikimbilia, naye hakuwafukuza.

Mradi wenyewe ulitangazwa miaka mitatu nyuma, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, siku ya mnada wa Ilongero. Serikali imedhamiria kupunguza tatizo la ajira, gari lilisema. Kila kijana asiye na kazi atapewa ekari kumi, mbegu bora za alizeti, trekta la kulimia na mnunuzi wa uhakika. Wakati huo Enock alikuwa na miaka minane tangu amalize chuo cha kilimo. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa akipiga pasi shati kila Jumatatu, akapeleka barua za maombi Singida, akapeleka Dodoma, akaenda mpaka Dar es Salaam kufanya usaili pamoja na watu elfu moja na mia mbili wanaotaka nafasi sita. Baadaye pasi ilipata kutu, naye akaanza kubeba abiria kwa bodaboda kati ya Ilongero na mjini. Kwa hiyo gari lile lilipotangaza, jina lake lilikuwa la kwanza kuandikwa. Kwenye karatasi alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kijana halali.

Mwaka wa kwanza ukaishia kwenye kuandikishana. Mwaka wa pili wakapelekwa mafunzoni Dodoma miezi miwili, wakafundishwa kwamba mstari na mstari wa alizeti ni sentimeta sabini na tano, shimo na shimo thelathini. Enock alikuwa anayajua hayo tangu chuoni, na kabla ya chuo aliyajua kwa hatua za miguu ya bibi yake. Walimu wakamfanya kiongozi wa kundi. Mwaka wa tatu wakaambiwa waonyeshe utayari wao: vijana arobaini wakaingia kwenye eneo la mradi na mashoka na sururu, wakafyeka vichaka, wakang'oa visiki, mwezi mzima bila malipo. Enock alirudi nyumbani kila siku viganja vimechubuka, na kila siku alimsimulia bibi yake kipande atakachoomba apewe, kile cha upande wa mashariki, chenye udongo mweusi unaoshika maji.

Halafu kukawa kimya. Ukiuliza, unaambiwa mchakato unaendelea. Bibi Agripina alimwuliza mjukuu wake kama huyo Mchakato ni mtu au ni ugonjwa, maana kila siku anaendelea na hafiki popote. Walicheka sana siku hiyo.

Sasa hakuna aliyecheka. Bibi aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alikuwa na jambo alilolikalia karibu miaka thelathini, na kwa muda wote huo halikuwa limemuuma hata kidogo. Alilihesabu kuwa ni moja ya mambo mazuri aliyoyafanya maishani.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Uwele ulikauka ukiwa kimo cha magoti, na watu walikuwa wanachemsha majani ya porini. Ila shuleni palikuwa na sufuria kubwa la uji, kila mtoto aliyeandikishwa kikombe kimoja saa nne. Kuandikishwa kulikuwa na kipimo chake. Wazazi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa hiyo mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, amefikisha miaka saba. Visipofika, arudi kwao akakue.

Enock alikuwa na miaka mitano na nusu, na mkono wake uliishia juu ya nyusi.

Bibi alianza kumfundisha mwezi mzima kabla. Hakumwambia anamfundisha nini, alifanya kuwa mchezo wa jioni wakisubiri chungu cha majani kichemke. Alikuwa akitega, "Kitendawili," na mtoto anaitikia, "Tega." "Majirani wawili, kila mmoja ana mlango wake, wanasikia habari zote na hawajawahi kuonana." Mtoto akijibu kwamba ni masikio, sharti alionyeshe sikio, na sharti alionyeshe kwa kupitisha mkono juu. Kila jioni Bibi aliuvuta ule mkono kidogo, akamfundisha kulaza shingo kidogo na kuinua bega, mpaka vidole vikaanza kupapasa nywele za juu ya sikio, na mwishowe sikio lenyewe.

Vitendawili vingine vilikuwa vya kumliwaza tu. Enock akishindwa, alimpa bibi yake mji, kama ilivyo desturi, na Bibi huusafiri ule mji kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Mtoto alipenda kumpa Itigi kwa sababu ya treni. Basi Bibi alisema amekwenda Itigi, ameshuka stesheni, amepakuliwa asali kwenye sahani, amekula akalamba mpaka viwiko, na Enock alimeza mate kwa njaa huku akicheka. Ila vyote vilikuwa vya jioni. Mchana vitendawili havitegwi, ukitega ng'ombe hupotea. Hilo nalo alimfundisha.

Siku ya kuandikishwa, Mwalimu mkuu Chediel aliutazama mkono, akaitazama shingo iliyolala, akamtazama na bibi mwenyewe alivyokonda. Huenda alijua. Akachukua kalamu akauliza mtoto kazaliwa lini. Bibi Agripina alisema mwaka themanini na tisa. Tarehe? Hapo hakuwa amejiandaa. Akasema kumi na mbili, kwa kuwa ndiyo siku ya mnada na ndiyo tarehe pekee aliyokuwa nayo kichwani. Mwezi? Machi, kwa kuwa Machi kuku huwa na bei. Mwalimu akaandika. Saa nne siku hiyo Enock alikunywa uji.

Kutoka kwenye daftari lile tarehe ilihamia kwenye cheti cha darasa la saba, kutoka hapo ikaenda cha kidato cha nne, ikaenda chuoni, ikaingia kwenye cheti cha kuzaliwa alichokatiwa akiwa mtu mzima, ikaingia na kwenye kitambulisho cha taifa. Kila ofisi ilinakili ofisi iliyotangulia, na Enock mwenyewe akaiamini kama anavyoamini jina lake.

Bibi alitoka nje mara ya tatu, akaketi chini mbele ya mjukuu wake, miguu ameinyoosha.

"Enock, baba yangu, hukuzaliwa mwaka huo."

Akamwambia yote, njaa, uji, vitendawili, mnada, bei ya kuku. Alimwambia bila kulia, kwa sababu aliona machozi yangemlazimisha Enock ambembeleze. Alipomaliza, Enock aliitoa bahasha kwapani, akaiweka chini. Kisha akainua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akagusa sikio la kushoto. Mkono ulifika mpaka shavuni.

"Kwa hiyo mimi bado kijana," akasema.

Akacheka. Alisimama, akakung'uta suruali, akaanza kupanga mipango. Hakukasirika hata kidogo, na hicho ndicho kilichomchoma bibi yake. Angetukanwa angevumilia kuliko kuyaona yale matumaini yakirudi mbio usoni mwa mtu mzima.

Walikuwa na siku nne, kwani orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Jumanne walikwenda kanisani kwa katekista Damiani, mzee wa rika la Bibi, ambaye alitoa daftari la ubatizo lililoliwa pembeni na mchwa, akalifungua kwa uangalifu kama anayefungua kidonda. Akapitisha kidole. Ilikuwapo: Enock, mwana wa Esta, kuzaliwa tarehe mbili Juni, mwaka tisini na moja. Bibi na katekista wakasemezana kwa Kinyaturu juu ya mvua ya mwaka ule na akina nani walikuwa hai. Damiani akanakili mstari ule kwenye karatasi, akagonga muhuri wa kanisa, akaupulizia ukauke.

Jumatano Bibi Agripina alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda nyuma ya pikipiki ya mjukuu wake kwenda ofisi ya vijana. Enock alitaka aende peke yake. Bibi alisema aliyeutia mkono sikioni ni yeye, na yeye ndiye atakayeutoa.

Afisa wa vijana aliitwa Ritha, msichana wa miaka kama ishirini na minane. Alimwamkia Bibi kwa heshima zote, akampa kiti chake mwenyewe, akasimama. Ofisini walikuwamo watu wengine sita wakisubiri, na mbele ya hao wote Bibi alikiri uongo wake. Alieleza mpaka alivyoivuta ile shingo. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaangalia pembeni. Ritha aliisoma karatasi ya kanisa mara mbili, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Bibi, mimi nakuamini," akasema. "Mfumo ndio hauamini."

Akaeleza polepole, na wala hakuwa mtu mbaya. Ukiingiza namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa inakuja yenyewe, na ikishapita thelathini na tano mashine inafunga dirisha, hakuna pa kubofya. Kubadilisha kunaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, ndipo kitambulisho, ndipo vyeti vya shule na vya chuo, miezi mingi, kama kutakubaliwa. Na vyeti visipofanana, mtu anaweza kuonekana kaghushi, akaipoteza hata hiyo stashahada. Enock alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mwanafunzi, mpaka kichwa kikaacha.

Bibi aliuliza kama anaruhusiwa swali moja. Ritha akasema aulize tu.

"Siku mnaandikisha, alikuwa na thelathini na mitatu kwenye hizo hizo karatasi zenu. Miaka miwili nimemwibia mimi, na leo nimekiri mbele ya watu. Hiyo mitatu ya mchakato, kamwibia nani?"

Ritha aliinamia kompyuta, akasema hilo swali liko juu ya cheo chake. Halafu akauliza kama Bibi angekunywa soda.

Orodha ilibandikwa wiki iliyofuata. Kati ya wale arobaini waliong'oa visiki, walipita kumi na wanane. Wengine walikuwa wamezidi umri kama Enock, wengine walikwishaondoka kwenda kuchimba dhahabu, wasichana wawili walikuwa wameolewa mbali. Nafasi zilizobaki zikajazwa na majina kutoka mjini. Enock aliisoma orodha yote mpaka chini kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, akimsimulia bibi yake, kisha akaenda kubeba abiria.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakianza kukusanyika, kijana mmoja alifika nyumbani kwa Bibi Agripina akiwa amevaa buti mpya za mpira zenye lebo ya bei. Alijitambulisha kwa jina la Benjamin, umri ishirini na mitatu, amesomea utawala wa biashara. Alikuwa na adabu, alimwamkia Bibi akiwa ameinama. Kapewa ekari kumi kwenye mradi na hajawahi kushika jembe. "Alizeti mimi nimeionea kwenye chupa ya mafuta, Bibi, sikufichi," akasema, na Bibi akajikuta anacheka. Kila aliyemwuliza kijijini nani anayejua kilimo, alitajiwa Enock.

Kipande chake kilikuwa upande gani, Bibi alimwuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshamwambia.

Mashariki, Benjamin akasema. Kwenye udongo mweusi.

Bibi alidhani Enock atakataa. Alimwombea akatae. Lakini bodaboda zilikuwa zimekuwa nyingi Ilongero kuliko abiria, na mwezi ule alikuwa anashinda kituoni akipiga stori na wenzake. Akakubali kuwa kibarua. Kuanzia hapo alitoka alfajiri na kamba iliyofungwa mafundo kila sentimeta sabini na tano, akapanda, akapalilia, akapunguzia miche, akimfundisha Benjamin kila hatua kwa uvumilivu ambao Bibi aliona haya kuutazama. Benjamin alimwita "mzee". Hakuwa anamdhihaki, ndivyo vijana wa mjini wanavyomwita mtu wanayemheshimu. Kila alipomwita hivyo, Enock aliitikia.

Machi ilipofika, alizeti ilikuwa imechanua, na kwenye shamba lote la mradi hakukuwa na kipande kilichosimama kama kile cha mashariki. Wakaguzi wakaja na magari matatu. Siku hiyo Bibi Agripina alikuwa amempelekea mjukuu wake ugali na mlenda, akawakuta wamemzunguka Benjamin wakimpiga picha katikati ya maua. Enock alikuwa kando, jembe begani.

Ritha alikuwa miongoni mwao, na daftari kubwa. Alipomwona Bibi alimwamkia, akababaika kidogo, kisha akamgeukia Enock akamwambia amwandikie jina lake hapa, na sahihi. Enock akauliza ni la nini. Ritha akaeleza kwamba mradi unatakiwa kuonyesha ajira ulizozalisha: wenye mashamba wanaandikwa ukurasa wa kwanza, na watu waliopata kazi kwao wanaandikwa wa pili. Kila mmoja anahesabika. Taarifa inakwenda juu.

Enock akachukua kalamu. Akaandika jina, akaandika kijiji, akaandika elimu: stashahada ya kilimo. Kalamu ikasimama kwenye safu ya nne.

"Hapa kwenye umri niandike upi?"

"Paache tu," Ritha akasema, bila kumtazama. "Vibarua hatuwaulizi umri."

Enock akapaacha. Akatia sahihi, vizuri, kama mtu aliyesoma, akarudisha kalamu. Magari yakageuza, vumbi likapanda juu ya maua, likatua. Bibi alilifunua bakuli. Ilikuwa tarehe kumi na mbili. Kwa mbali, upande wa Ilongero, ng'ombe wa mnada walikuwa wanalia. Serikalini, mjukuu wake alikuwa ametimiza thelathini na saba asubuhi hiyo.

Wakaketi kwenye kivuli chembamba cha alizeti. Enock alinawa, akamega tonge, akaliviringa muda mrefu bila kulitia kwenye mlenda.

"Kitendawili," akasema.

Bibi alimtazama. Jua lilikuwa utosini. Tangu akiwa mtoto Enock hakuwa amewahi kumtegea mchana, na hata jioni alikuwa ameacha miaka mingi. Alitaka kumkumbusha habari za ng'ombe kupotea. Lakini ng'ombe gani.

"Tega," akasema.

"Wa kupewa shamba ni mzee, wa kulilima ni kijana. Na ni mtu mmoja."

Jibu lilikuwa limekaa mbele yake na tonge mkononi, shati limemganda kwa jasho. Bibi alilijua kabla hajamaliza kutega. Akasema ameshindwa.

"Basi nipe mji."

Bibi akafikiri mji mzuri wa kumpa, wenye chakula, wenye kazi, mtu akiusafiri aridhike. Akampa Singida.

"Huko nimeshakwenda."

Akampa Dodoma.

"Huko nimekwenda, Bibi."

Akampa Dar es Salaam. Enock akatikisa kichwa polepole, akaweka tonge chini kwenye ukingo wa bakuli.

"Nipe mwingine."

Bibi Agripina alifungua kinywa. Aliijua miji mingi, alimsafirisha nayo jioni nyingi za njaa, akamlisha asali ya Itigi ambayo hakuwa nayo. Akaitafuta kichwani mmoja mmoja, na mjukuu wake akakaa akimsubiri, ameinamisha shingo kidogo upande, kama alivyomfundisha.